Jipu la Ubongo: Upasuaji na Dawa Pekee, au Kuongeza Oksijeni ya Shinikizo? Ulinganisho kwa Familia za Kigoma

Daktari akishasema kwamba kilichoonekana kwenye picha ya kichwa cha mgonjwa ni jipu la ubongo, ndugu huuliza kwanza gharama, kisha mahali pa kumpeleka. Siku hizi limeongezeka swali la tatu. Katika kundi la familia la WhatsApp hujitokeza ndugu mmoja, mara nyingi aliyeko Dar es Salaam au nje ya nchi, akatuma maelezo ya tiba ya kuvuta oksijeni ndani ya chumba chenye shinikizo kubwa la hewa, na kuuliza kwa nini mgonjwa wetu wa Kasulu, Ujiji au Uvinza asipelekwe huko moja kwa moja. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu lililopimwa, kwa kuwa familia ikichagua vibaya inaweza kuuza shamba la michikichi na bado ikachelewa kumwokoa mtu wake.

Nitalinganisha njia tatu: dawa za antibayotiki bila upasuaji, upasuaji wa kutoa usaha pamoja na dawa, na njia hiyo ya pili ikiongezewa oksijeni ya shinikizo. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji anipime nao: kwa mgonjwa wa Kigoma, fedha na saa za kwanza ziende kwenye kutoa usaha na kukamilisha dawa, na oksijeni ya shinikizo ifikiriwe baadaye kwa wagonjwa wachache ambao nitawataja. Tiba hiyo ina msingi wa kisayansi na sidharau wanaoipendekeza. Ninachopinga ni kuiweka mbele ya yale yanayookoa maisha kwa uhakika zaidi.

Ugonjwa wenyewe na saa zake

Jipu la ubongo ni usaha uliokusanyika ndani ya nyama ya ubongo. Bakteria hufika huko kutoka mahali pa jirani, yaani sikio, mashimo ya mifupa ya uso au jino lililooza. Au husafiri kwa damu kutoka kwenye mapafu au moyo. Au huingia kupitia jeraha la kichwa na upasuaji wa awali. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo inayofanya midomo na kucha ziwe za bluu yumo katika hatari kubwa kuliko wenzake, kwa sababu sehemu ya damu yake huzunguka bila kupita kwenye chujio la mapafu. Lakini njia inayoniuma zaidi ni ya sikio, kwa kuwa inazuilika: mtoto anatoa usaha sikioni kwa miezi, nyumbani anatiwa matone ya mafuta na kuambiwa atapona akikua, hadi maambukizi yanapopenya mfupa wa nyuma ya sikio na kuingia kichwani.

Katika siku za mwanzo sehemu ya ubongo iliyoshambuliwa huwa imevimba tu na kulainika, bila usaha wa kuvutika kwa sindano. Kadiri siku zinavyokwenda usaha hujikusanya, na inapotimia wiki ya pili hivi mwili huwa umejenga ukuta kuuzunguka. Ukuta huo ndio kiini cha ulinganisho wote. Unazuia usaha usisambae, lakini pia unazuia dawa na damu yenye oksijeni visifike katikati, na ndani yake bakteria wasiopenda oksijeni hustawi. Jipu lililo karibu na mashimo ya maji ya ubongo likipasukia humo, hali huwa ya hatari sana hata pale penye wataalamu wote.

Dalili zake hupotosha. Maumivu ya kichwa ndiyo yanayoonekana zaidi, ilhali homa hukosekana kwa karibu nusu ya wagonjwa. Kutapika, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kubadilika kwa usemi au tabia, vyote vinaweza kuwepo au kukosekana. Kigoma ni mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa ndio ulioongoza nchini kwa maambukizi miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, hivyo kichwa kinachouma pamoja na homa huanza kutibiwa kama malaria, na si ajabu kipimo kikawa chanya kweli. Kipimo chanya cha malaria hakifuti jipu. Mgonjwa aliyemaliza dawa ya malaria na bado kichwa kinamsumbua, hasa akiwa na sikio bovu au udhaifu wa mkono au mguu, anahitaji picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, au MRI pale inapopatikana. Kuchukua maji ya uti wa mgongo kabla ya picha kwa mgonjwa wa namna hii ni hatari, kwa sababu ubongo uliobanwa unaweza kuteremka kwa ghafla na kukandamiza sehemu inayoendesha pumzi.

Dawa peke yake

Njia hii ndiyo inayovutia familia nyingi, kwa kuwa haihusishi kutoboa fuvu. Ipo mahali pake. Kama uvimbe bado uko katika hatua ya mwanzo kabla ya usaha kukusanyika, au majipu ni madogo, kwa kawaida chini ya sentimita mbili na nusu, au yako ndani sana mahali ambapo sindano ingeharibu zaidi kuliko kusaidia, daktari anaweza kuanza na dawa na kufuatilia kwa picha za mara kwa mara. Sharti lake ni kwamba mgonjwa awe na fahamu zake, hali yake isiwe inashuka, na mahali pa upasuaji pawe karibu endapo mambo yatageuka. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloivuruga njia hii kwa mtu anayelazwa mbali na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Dawa zenyewe zinazoanza kutolewa kabla bakteria hajatambuliwa huwa ni sefalosporini ya kizazi cha tatu, kama seftriaksoni, pamoja na metronidazoli inayoua wale wasiopenda oksijeni. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni seftriaksoni gramu 2 kila baada ya saa 12 na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8, zote kwa mshipa, kwa wiki 6 hadi 8. Ndugu anayeshika daftari la matumizi na afanye hesabu hiyo mapema. Vichupa vya seftriaksoni vya gramu 1 ni vinne kwa siku, ambavyo kwa wiki 6 ni 168 na kwa wiki 8 ni 224. Chupa za metronidazoli ni tatu kwa siku, yaani 126 hadi 168. Hesabu hiyo haigusi kanula zinazobadilishwa kila mshipa unapochoka, wala vipimo vya damu, wala picha. Nimeitaja kwa sababu hapa ndipo tiba nyingi zinapokatikia: wiki ya tatu homa imekwisha, mgonjwa anakula ugali na migebuka aliyoletewa na dada yake, kila mtu anatamani kurudi nyumbani, na vichupa vya wiki zilizobaki havinunuliwi. Jipu lililonyamazishwa nusu hurudi.

Upasuaji pamoja na dawa

Hii ndiyo njia ambayo nyingine zote hupimwa kwayo. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuvuta usaha kwa sindano, au mara chache hufungua fuvu na kuondoa jipu zima pamoja na ukuta wake. Faida zake ni mbili kwa mkupuo mmoja: shinikizo ndani ya kichwa hushuka papo hapo, na usaha hupelekwa maabara ili bakteria ajulikane na dawa ichaguliwe kwa uhakika. Mgonjwa ambaye hali yake si mbaya sana anaweza hata kucheleweshewa antibayotiki kidogo ikiwa usaha utavutwa ndani ya saa 24, ili maabara isipoteze nafasi ya kumwotesha bakteria. Uamuzi huo ni wa daktari wala si wa familia. Jipu likiondolewa zima, wiki 4 za dawa za mshipa zinaweza kutosha. Likivutwa kwa sindano hubaki zile wiki 6 hadi 8. Pale ubongo unapovimba sana kulizunguka jipu, deksamethasoni huongezwa ili kupunguza uvimbe.

Matokeo ya njia hii yanatia moyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha taarifa za wagonjwa 9,699 kutoka tafiti za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 40 hadi asilimia 10 katika miongo sita, na waliopona kabisa wakaongezeka kutoka asilimia 33 hadi asilimia 70. Maendeleo hayo yaliletwa hasa na picha za CT na MRI, upasuaji ulio sahihi zaidi na antibayotiki bora.

Udhaifu wake ni kwamba usaha unaweza kujaa tena na mgonjwa akahitaji kuvutwa mara ya pili au ya tatu. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa ndilo linaloipa oksijeni ya shinikizo hoja yake nzito kuliko zote.

Oksijeni ya shinikizo ni kitu gani, na si kitu gani

Kuna mkanganyiko ambao unapaswa kuondolewa kwanza. Oksijeni anayopewa mgonjwa wodini kwa kinyago au kwa vijibomba vya puani, iwe inatoka kwenye mtungi au kwenye mashine, haina shinikizo la ziada na haihesabiki kuwa tiba hii. Vilevile mifuko laini ya kuingia mtu mzima inayotangazwa kwenye mitandao kwa ajili ya urembo na uchovu hufikia shinikizo dogo tu, kama mara 1.3 ya lile la angahewa, na mara nyingi hutumia hewa ya kawaida. Familia isilipe senti kwa mfuko huo ikidhani imenunua tiba ya jipu la ubongo.

Tiba halisi hufanyika ndani ya chumba cha chuma au cha plastiki ngumu chenye mlango unaofungwa kwa kubana. Shinikizo hupandishwa hadi mara 2 au 2.5 ya lile la usawa wa bahari, na mgonjwa huvuta oksijeni tupu kwa dakika 60 hadi 90. Mvuvi anayezama mita 15 au 16 chini ya maji ya Ziwa Tanganyika hubanwa na shinikizo la kadiri hiyo hiyo; tofauti ni kwamba ndani ya chumba mtu amekaa pakavu na anachovuta ni oksijeni badala ya hewa. Kwa hali hiyo nguvu ya oksijeni inayoingia mapafuni huwa kati ya mara 10 na 12 hivi ya ile tunayovuta kila siku, na nyingi huyeyuka moja kwa moja kwenye maji ya damu bila kutegemea chembe nyekundu.

Mgonjwa huvalishwa nguo za pamba, huondolewa mafuta mwilini na kwenye nywele, na haruhusiwi kuingia na simu, kiberiti wala kitu chochote kinachoweza kutoa cheche, kwa sababu moto mahali penye oksijeni nyingi hauzimiki kirahisi. Valvu zinapofunguliwa husikika mvumo wa hewa, chumba hupata joto, na masikio huziba. Mhudumu humwagiza mgonjwa ameze mate au abane pua na kupuliza taratibu, na akiinua mkono kuonyesha maumivu, upandishaji husimamishwa. Mwisho wa kipindi shinikizo huteremshwa polepole, na chumba hupoa.

Kwa jipu la ubongo, hoja za kitabibu ni hizi. Bakteria wasiopenda oksijeni hudhoofika inapowafikia. Chembe nyeupe za damu, ambazo hutumia oksijeni kutengeneza sumu ya kuulia bakteria, hurudishiwa uwezo wake katika tishu iliyokuwa imekosa hewa. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kiasi, na uvimbe hupungua. Na pale mfupa wa fuvu nao umeambukizwa, oksijeni hiyo husaidia mahali ambapo dawa hupenya kwa shida. Chama cha kimataifa cha tiba ya chini ya bahari na shinikizo, chenye makao yake Marekani, kimeliweka jipu la ndani ya kichwa katika orodha ya magonjwa yanayokubalika kutibiwa hivyo, ila kikieleza kuwa ni tiba ya kuongezea juu ya upasuaji na dawa. Hakuna anayeifahamu tiba hii vizuri anayeishauri badala ya hizo mbili.

Ushahidi una uzito gani

Utafiti unaotajwa zaidi ulitoka hospitali ya Karolinska, Stockholm, ukachapishwa mwaka 2016. Ulipitia kumbukumbu za watu wazima 40 waliofanyiwa upasuaji wa jipu la ubongo kati ya mwaka 2003 na 2014. 20 walipata matibabu ya kawaida na 20 wakaongezewa oksijeni ya shinikizo. Waliorudishwa chumba cha upasuaji walikuwa 9 katika kundi la kawaida, na 2 tu katika kundi la oksijeni baada ya tiba hiyo kuanza. Waliokuwa na hali nzuri baada ya muda mrefu walikuwa 16 kati ya 20 kwa oksijeni, na 9 kati ya 20 kwa matibabu ya kawaida.

Tofauti hizo ni kubwa na sitazipuuza. Hata hivyo wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Madaktari ndio waliochagua nani apelekwe kwenye chumba, na mtu anayepelekwa huko anaweza kuwa tayari alikuwa na nguvu za kustahimili safari ya kutoka wodini. Watu 20 kila upande ni wachache, na mgonjwa mmoja wawili wakihama kundi picha inabadilika. Jambo jingine, ambalo wanaosambaza habari za tiba hii hulisahau, ni kwamba maambukizi yalipona kwa wote 40. Kilichotofautiana ni idadi ya kurudi kwenye upasuaji na ubora wa maisha ya baadaye. Tafiti nyingine nyingi zilizochapishwa, kama ile ya Graz, Austria, iliyoeleza watoto watano, ni ndogo zaidi na hazina kundi la kulinganisha.

Kwa hiyo, nikiipima kwa haki, oksijeni ya shinikizo inaonekana kuwa inapunguza haja ya kurudia upasuaji, na pengine inaboresha hali ya baadaye, kwa ushahidi ulio dhaifu bado. Upasuaji na dawa vina ushahidi wa maelfu ya wagonjwa.

Hapa ndipo Kigoma inapobadilisha hesabu. Mgonjwa wa Stockholm ambaye usaha wake umejaa tena huonekana kwenye picha ya wiki hiyo na hupasuliwa jengo lile lile. Mgonjwa wetu aliyeruhusiwa mapema kutoka Mwanza na kurudi Kibondo ili amalizie sindano karibu na nyumbani, usaha ukijaa tena, ataanza kutapika usiku, atafikishwa kituo cha afya asubuhi, na kufikia kwa daktari bingwa inaweza kuchukua siku mbili. Kinachomuumiza ni umbali kati yake na upasuaji wa pili kuliko upasuaji wenyewe. Fedha ambazo familia ilitaka kuzipeleka kwenye chumba cha shinikizo zikilipia chumba cha kupanga karibu na hospitali kwa wiki zote za dawa, na picha ya CT kila wiki moja au mbili kama daktari atakavyoagiza, haziondoi uwezekano wa usaha kurudi, lakini zinahakikisha unavutwa kwa wakati. Mimi ningezitumia hivyo.

Hatari za kila njia

Hatari za upasuaji zinafahamika: kuvuja damu ndani ya ubongo, maambukizi mapya, na udhaifu wa kiungo kutegemea mahali jipu lilipo. Za dawa ni kuharisha kunakosababishwa na antibayotiki, mishipa kuvimba, na ganzi ya miguu kwa anayetumia metronidazoli muda mrefu.

Za chumba cha shinikizo hazifahamiki sana huku kwetu, basi nizieleze zaidi. Madhara ya kawaida ni kuumia kwa sikio la kati. Mgonjwa ambaye jipu lake lilianzia sikioni huingia na sikio lililo bovu tayari; mwenye kiwambo kilichotoboka huenda asipate shida sana, kwa kuwa hewa inapita, ila mwenye njia iliyoziba kwa uvimbe anaweza kupata maumivu makali, na pengine kuhitaji kuwekewa vijibomba kwenye kiwambo kwanza. Sinasi, yaani yale mashimo ya mifupa ya uso, zikijaa usaha huleta shida kama hiyo. Oksijeni nyingi chini ya shinikizo inaweza kuamsha degedege, na ubongo wenye jipu ni mwepesi wa degedege hata bila hiyo, hasa homa ikiwa juu. Macho yanaweza kupoteza uwezo wa kuona mbali kwa muda. Kuna pia wasioweza kuvumilia kufungiwa mahali padogo, watoto hasa.

Kizuizi kisicho na mjadala ni hewa iliyovuja na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua bila kutibiwa; shinikizo linapoteremshwa, hewa hiyo hutanuka na kuweza kuua. Aliyewahi kuugua kifua kikuu na kubakiwa na mashimo kwenye mapafu anahitaji picha ya kifua kabla ya kufikiriwa. Zaidi ya hayo, mgonjwa asiyejitambua anahitaji chumba kikubwa ambamo muuguzi anaweza kuingia naye, pamoja na mashine ya kupumulia inayofanya kazi chini ya shinikizo, na vyumba vyenye uwezo huo ni vichache hata katika nchi tajiri.

Safari kutoka Kigoma

Kituo cha kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, ambako mgonjwa hutulizwa, huanzishiwa dawa pale inapobidi, na kuandikiwa rufaa. Kwa upasuaji wa ubongo njia mbili hutazamwa zaidi: Bugando jijini Mwanza, na Taasisi ya Mifupa na upasuaji wa ubongo ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam. Barabara ya Mwanza kupitia Kibondo, Kakonko na Nyakanazi imepata nafuu kubwa tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwa kuwa gari la wagonjwa halingoji kivuko tena. Treni ya reli ya kati kupitia Tabora ina kilomita takribani 1,250 hadi Dar es Salaam, na kwa mgonjwa mwenye jipu linalobana ubongo haifai. Itumike na ndugu wanaofuata. Ndege ni ya haraka, lakini hewa ndani yake ni hafifu kuliko ya ardhini, na aliyetoka kupasuliwa kichwa anaweza kuwa na hewa iliyobaki ndani ya fuvu inayotanuka angani. Kurudi kwa ndege baada ya upasuaji kusubiri ruhusa ya daktari kwa maandishi.

Kwa upande wa oksijeni ya shinikizo, vyumba vinavyojulikana katika ukanda wetu vimewekwa hasa kwa ajili ya wazamiaji wa baharini, kama kilichopo Zanzibar, na kazi yake kuu ni kumtibu mpiga mbizi aliyepanda juu haraka. Vile vilivyounganishwa na hospitali kubwa zenye upasuaji wa ubongo hutafutwa nje, Afrika Kusini na India zikiwa miongoni mwa nchi zinazovitumia. Vipindi vinavyohitajika kwa jipu la ubongo ni kama 13 kwa wastani, na vikifika 20 daktari hutakiwa kupitia upya kama vina manufaa. Vipindi hivyo hufanyika mara moja au mbili kwa siku, hivyo ni wiki mbili au tatu za kulala huko pamoja na msindikizaji, pasipoti, viza na malipo ya kigeni. Mwenye kadi ya NHIF aulize kwenye dawati la bima, kabla ya kulipa chochote, kama huduma hiyo imo kwenye kitita chake, na aombe jibu la maandishi. Asiye na uwezo wa kulipia hata upasuaji wa ndani amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, asisubiri bili ifike.

Nani achague nini

Mgonjwa mwenye jipu moja kubwa, linalofikika, akiwa na maumivu ya kichwa na fahamu zinazoanza kuyumba, asifikiriwe oksijeni kabisa kwa sasa. Apelekwe kwenye upasuaji ulio karibu zaidi, na kila saa inayotumika kujadili chumba cha shinikizo ni saa iliyopotea.

Kabla ya yote, mgonjwa apimwe VVU. Kwa mwenye kinga iliyoshuka, duara linalong'aa kwenye picha linaweza kuwa toksoplasma, yaani maambukizi ya vimelea vinavyoshambulia ubongo, inayotibiwa kwa vidonge vya kotrimoksazoli, au kifua kikuu cha ubongo. Hata kwa mwenye kinga nzuri, saratani na vifuko vya mabuu ya minyoo ya nguruwe huweza kuonekana kama jipu. Kumpeleka mgonjwa wa namna hiyo kwenye chumba cha oksijeni ni kutibu ugonjwa asiokuwa nao.

Wanaostahili mjadala wa kweli ni wenye majipu mengi kwa pamoja, wenye jipu lililo ndani sana au katika eneo la usemi na mikono, wenye kinga dhaifu, wasioweza kuhimili upasuaji, na wale wanaozidi kuzorota ingawa usaha umevutwa na dawa sahihi zinaendelea. Hao ndio waliotajwa na chama nilichokieleza. Mgonjwa wa kundi hilo akiwa anajitambua, mapafu yake yakiwa salama, na familia ikiwa na uwezo ambao hautakatisha dawa zake, sitamzuia mtu kutafuta tiba hiyo, ila daktari aliyempasua awasiliane mwenyewe na hospitali inayompokea.

Katika mazungumzo na daktari bingwa, ndugu aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya familia, awe baba mdogo au dada mkubwa, anaweza kuanza hivi: "Shikamoo daktari. Tunaomba utueleze jipu lina ukubwa gani na liko wapi, usaha ulipopimwa ulionyesha bakteria gani, na picha inayofuata ni lini. Tukiongeza oksijeni ya shinikizo, unatarajia itambadilishia nini mgonjwa wetu ambacho dawa hazikibadilishi?" Daktari akijibu swali hilo la mwisho kwa jambo mahususi, kama majipu matatu yasiyofikika yanayoendelea kukua, hoja ipo. Akijibu kwamba huenda ikasaidia tu, vichupa vilivyobaki vinunuliwe kwanza.

Mgonjwa atakaporudi Kigoma, njia yoyote iliyotumika, aje na nakala za picha zake na muhtasari wa kuruhusiwa, kwa sababu Maweni watahitaji kulinganisha picha za miezi inayofuata na zile za mwanzo. Dawa ya kifafa, kama aliandikiwa, isikatishwe bila ushauri wa daktari hata ikipita miezi bila degedege. Na kama chanzo kilikuwa sikio, miadi ya daktari wa masikio, pua na koo ipangwe kabla mgonjwa hajatoka wodini, kwa kuwa mfupa uliooza nyuma ya sikio usipotibiwa utapeleka bakteria wengine kichwani kwa njia ile ile.